Masimulizi ya Wataino yaliyoponea chupuchupu

Mwanzoni mwa mwaka 1495, katika kisiwa cha Hispaniola ambacho leo kimegawanyika kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika, Christopher Columbus alimpa mtawa mmoja kazi ambayo hakuna Mzungu aliyewahi kupewa upande ule wa bahari. Akakae na wenyeji, ajifunze lugha yao, aandike wanachokiamini na namna wanavyoabudu. Mtawa huyo aliitwa Ramón Pané. Alitoka Catalonia, alikuwa wa shirika la Mtakatifu Jerome, na mwenyewe alijitambulisha kuwa mkaa pweke maskini. Hakuwa msomi wa kutajika. Bartolomé de las Casas, mwanahistoria Mhispania aliyemfahamu, aliandika baadaye kwamba Pané alikuwa mtu asiye na makuu, na kwamba hata Kihispania hakukisema sawasawa kwa sababu haikuwa lugha ya kwao.

Alipomaliza kazi, karibu mwaka 1498, alikuwa na sura 26 fupi kuhusu asili ya watu, asili ya bahari, makao ya wafu, waganga na miungu ya Wataino. Hicho ndicho kitabu cha kwanza tunachokijua kuandikwa kwa lugha ya Ulaya katika ardhi ya Amerika. Tena ndicho kitabu pekee kilichoachwa na mtu aliyelala na kuamka na Wataino, akasikia habari zao vinywani mwao wakati vijiji vyao vingali vimesimama. Yeyote anayeandika leo juu ya imani za wenyeji wa kwanza wa visiwa vile, awe profesa au mtunzi wa hadithi za watoto, lazima apitie kwa Pané.

Na maandishi ya mkono wake hayapo. Tulichobakiwa nacho ni tafsiri ya Kiitaliano ya nakala ya Kihispania, na nakala hiyo nayo imepotea. Historia ya kitabu hiki inafaa kuelezwa kwa kirefu, maana kila kinapotajwa anasifiwa aliyeshika kalamu, na wale waliosema husahauliwa.

Waliosema ni Wataino. Mababu zao walitoka Amerika ya Kusini, upande wa mto Orinoco, wakahamia visiwani kwa mitumbwi, kisiwa baada ya kisiwa, katika muda wa karne nyingi. Kufikia tarehe 12 Oktoba 1492, Columbus alipotia nanga kwenye kisiwa walichokiita Guanahaní katika Bahamas, walikuwa wameenea Cuba, Jamaica, Puerto Rico na Hispaniola yenyewe. Walitawaliwa na machifu walioitwa kasike, wa kiume na wa kike. Katikati ya kijiji kulikuwa na uwanja, batei, ambamo walicheza mpira uliotengenezwa kwa utomvu wa miti, jambo lililowashangaza Wahispania kwa kuwa Ulaya hawakuwa wamewahi kuona mpira unaodunda namna ile. Viwanja hivyo vingine vipo hadi leo. Huko Caguana, katika milima ya Puerto Rico, vimezungukwa na mawe yaliyochongwa nyuso za watu.

Chakula chao kikuu kilikuwa muhogo. Waliupanda juu ya matuta makubwa ya mviringo ili mizizi ipate udongo laini na maji yasituame. Wakipanda ule mchungu, waliukuna, wakautia ndani ya kikamulio cha ukili kilichofanana na kifumbu cha tui ila kirefu kuliko mtu, wakakamua maji yenye sumu, kisha wakauoka juu ya kikaango kipana cha udongo ukawa mkate mwembamba mkavu unaokaa miezi bila kuharibika. Msomaji wa Mtwara anayekula ugali wa makopa, au wa Mwanza anayekula wa udaga, ana deni kwa wakulima wa Amerika. Zao hili lilivuka bahari kwa mikono ya Wareno baada ya 1492, likashika Kongo, likaenea Afrika nzima. Naligusia kwa sababu mungu mkuu wa Wataino, kama Pané alivyoelezwa, alikuwa Yúcahu, bwana wa muhogo na wa bahari. Aliishi mbinguni, hakufa, hakuonekana, hakuwa na baba. Mama yake alikuwa na majina matano, la kwanza Atabey.

Pané alianzia ngome ya Magdalena, katika jimbo ambalo watu wake walikuwa na lugha yao, Macorix. Akajifunza hiyo. Columbus akamwambia ahamie kwa kasike Guarionex, mtawala wa bonde lenye rutuba la Magua, kwa kuwa lugha ya huko ilieleweka kisiwa kizima. Pané akaona mzigo umemzidi, akaomba apewe mtu anayejua lugha zote mbili. Ndipo akapewa kijana wa Magdalena, Guaticabanu. Kijana huyo ndiye aliyekuwa kinywa na sikio la mtawa. Sentensi nyingi za kitabu kile lazima zilipita kwake kabla ya kufika kwenye karatasi, na bado huwezi kuliona jina lake kwenye jalada la toleo lolote.

Wakakaa kwa Guarionex karibu miaka miwili. Ni miaka gani hiyo? Ni ile ambayo Columbus alikuwa ametoza kodi ya dhahabu: kila mtu wa miaka 14 na kuendelea alete, kila baada ya miezi mitatu, dhahabu ya kujaza kengele ndogo ya kufungwa mguuni mwa kipanga wa kuwindia. Wasiokaa karibu na mito yenye dhahabu walete pamba. Las Casas anasimulia kwamba Guarionex aliwaeleza Wahispania kwamba watu wake hawajui kuchenjua dhahabu, akajitolea badala yake kulima shamba la chakula litakalokata kisiwa kutoka pwani hadi pwani, la kuwalisha wote. Akakataliwa. Watu wakakimbilia milimani, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia. Mtawa alikuwa akiuliza habari za mbinguni katika kijiji ambacho watu walikuwa wanahesabu siku za kulipa kodi. Tukisoma majibu aliyopata yakiwa mafupi, au mengine yakigongana, tukumbuke hilo kabla ya kulaumu kumbukumbu za wazee.

Pané aliwalaumu. Alisema kwa kuwa hawana maandishi hawawezi kueleza vizuri walichorithi kwa wahenga, na kwamba hawakubaliani wenyewe kwa wenyewe. Hapohapo akaungama kwamba yeye aliandika kwa haraka, karatasi hazikumtosha, na huenda aliweka mwisho kilichotakiwa kuwa mwanzo. Ungamo hili namheshimu nalo. Wachache katika wale walioandika juu ya watu wa mbali walikiri kwamba kilichovurugika kilivurugika mikononi mwao.

Lakini yeye mwenyewe anatueleza mahali ambapo Wataino waliweka elimu yao: katika nyimbo. Sheria zao zimo katika nyimbo za kale, anasema, na kwa hizo wanajiongoza, kama Waislamu wanavyojiongoza kwa Kitabu. Wakitaka kuziimba hupiga ngoma iitwayo mayohuakan, gogo lililochimbwa ndani, nyepesi, yenye sauti inayosikika mbali, karibu kilomita 8. Wakubwa ndio wapigaji, nao hujifunza tangu utotoni. Mkusanyiko wa kuimba na kucheza uliitwa areito. Waandishi wengine wa Kihispania walioushuhudia wanasema kiongozi alitoa ubeti na umati ukaitikia, saa kwa saa, mpaka alfajiri, wakitaja machifu waliotangulia, vita na matendo yao. Jioni za fasihi za Karibi zilikuwa hizo. Hazikuhitaji kitabu kuzinduliwa, maana hadhira yote ilikuwa imekibeba kifuani.

Hebu tusikie kidogo walichomweleza.

Zamani watu walikuwa ndani ya mapango mawili, katika mlima uitwao Cauta. Mlangoni aliwekwa mlinzi, Mácocael, asiyetakiwa kusinzia. Siku moja alichelewa kurudi na jua likamkuta, akageuka jiwe. Wengine waliotoka kuvua samaki wakashikwa na jua, wakawa miti. Mtu mmoja aitwaye Guahayona aliwashawishi wanawake wote wamfuate, wakaacha watoto wao kando ya kijito. Watoto wakalia kwa njaa wakiomba ziwa la mama, wakawa vyura, na ndiyo maana chura ni sauti ya majira ya mvua.

Bahari nayo ina asili yake. Kulikuwa na mzee aliyeitwa Yaya. Mwanawe, Yayael, alitaka kumuua, baba akamfukuza, na aliporudi akamuua yeye. Akaiweka mifupa ya mwanawe ndani ya kibuyu na kukitundika darini. Siku moja akatamani kumwona mwanawe, akamwambia mkewe akiteremshe. Wakakuta mifupa imekuwa samaki, wakubwa kwa wadogo, wakawala. Baadaye, Yaya akiwa shambani, wakaja ndugu wanne waliozaliwa kwa mimba moja na mama aliyefia uzazini. Wakakishusha kibuyu wale. Wakasikia Yaya anarudi, na katika kukitundika kwa pupa kikaanguka, kikavunjika. Maji yakamwagika yakaijaza dunia, na samaki ndani yake. Mtoto aliyeuawa ndiye chakula cha bahari nzima. Mimi sijasoma maelezo ya chanzo cha bahari yenye uchungu na shukrani pamoja kuliko haya.

Wafu walikuwa na makao yao, Coaybay, chini ya bwana Maquetaurie Guayaba. Mchana hujificha, usiku hutoka kutembea na kula mapera. Wanaweza kuingia kitandani kwa aliye hai, na mtu akitaka kuwa na hakika hupapasa tumbo la mgeni wake wa usiku: asipokuta kitovu, huyo ni mfu. Kwa habari hii peke yake wataalamu wa sanaa waliweza kuanza kutafsiri sanamu nyingi za Kitaino, ambapo kuwapo au kutokuwapo kwa kitovu kunaeleza aliyechongwa ni wa upande gani.

Waganga, behike, anawaeleza kwa kejeli ya mtu wa dini nyingine, lakini anaeleza mengi. Mganga alijipaka masizi usoni, akafunga kula kama mgonjwa wake alivyofunga, akanywa kitapishi alichomnywesha yeye, akavuta unga wa kohoba puani ili aseme na viumbe wasioonekana. Na hakuwa juu ya sheria. Mgonjwa akifa na jamaa zake wakiwa na nguvu, walimhoji marehemu kwa dawa maalumu: je, mganga alizembea? Akionekana ana hatia, alipigwa vibaya.

Zaidi ya yote zilikuwapo zemi, yaani roho zenye nguvu pamoja na vitu vilivyozibeba: sanamu za mbao, mawe, pamba, mifupa. Mawe mengine yalikuwa na ncha tatu, na waliamini yanaufanya muhogo uchipue. Mti ukimtikisikia mtu njiani, mganga aliitwa auulize ni nani na unataka uchongwe vipi. Zemi mmoja wa mbao, Opiyelguabirán, alikuwa na miguu minne kama mbwa. Kila usiku alitoroka kwenda msituni, wakamfunga kamba na kumrudisha, akatoroka tena. Wakristo walipofika kisiwani, Pané aliambiwa, alitoroka kwa mara ya mwisho na kuingia ziwani. Walifuata nyayo zake hadi ukingoni. Hawakumwona tena.

Kulikuwa pia na unabii. Kasike mmoja wa zamani alifunga siku nyingi, na Yúcahu akamwambia kwamba watakaobaki baada ya kifo chake watafaidi utawala kwa muda mfupi tu, kwa kuwa watakuja watu waliovaa nguo, watawatawala na kuwaua, na njaa itawamaliza. Kwanza walidhani ni majirani zao wa visiwa vya kusini. Sasa, Pané anaandika, wanaamini walikuwa ni Columbus na watu wake. Aliandika hayo katika taarifa aliyotumwa na Columbus huyohuyo.

Sehemu ya mwisho ya kitabu inaacha imani na kueleza damu. Tarehe 21 Septemba 1496, sikukuu ya Mtakatifu Mathayo, Guaticabanu alibatizwa akaitwa Juan Mateo, Mtaino wa kwanza kubatizwa kisiwani kwa ushahidi wa Pané. Guarionex, aliyekuwa amejifunza sala na kuzisali, aliacha baada ya wakubwa wenzake kumlaumu kwa kuwatii watu walioitwaa nchi kwa nguvu. Pané akaamua kuhama. Siku chache baada ya kuondoka, watu sita wa Guarionex waliingia katika nyumba ndogo ya sala, wakachukua picha takatifu, wakaenda kuzifukia shambani na kuzikojolea, wakisema mazao sasa yatakuwa mazuri. Bartolomé, ndugu yake Columbus aliyekuwa akishika madaraka, alifungua kesi na kuwachoma moto hadharani.

Pané aliona kufuru. Watafiti wa miaka ya karibuni wameuliza swali lingine. Watu hawa, kwa maelezo ya kitabu kilekile, walikuwa na mawe matakatifu ya kuufanya muhogo uchipue. Kufukia kitu chenye nguvu shambani na kukimwagilia maji ya mwili huenda ilikuwa ibada ya rutuba. Basi yawezekana wale sita waliipokea picha ya mgeni kwa heshima, kwa namna pekee waliyoijua ya kuheshimu zemi mpya, katika mwaka wa njaa. Mimi naelekea kukubali, kwa sababu ya hayo maneno yao juu ya mazao: anayetukana haombei mavuno. Kama ni hivyo, walichomwa moto kwa kusali, na shahidi aliyejua habari za mawe yale hakuunganisha mambo hayo mawili. Juan Mateo naye akauawa na watu wa Guarionex, akitamka kwa lugha yake kwamba yeye ni mtumishi wa Mungu. Guarionex alikamatwa miaka michache baadaye na kupakiwa melini kupelekwa Hispania akiwa na minyororo. Kimbunga cha 1502 kilizamisha meli, naye akafa majini. Watu wote watatu waliokutana katika kazi ile wamebaki katika kurasa zilezile: mtawa, mkalimani na kasike.

Sasa kurasa zenyewe zilipitia wapi?

Columbus alizipeleka Hispania. Pietro Martire d'Anghiera, Mwitaliano wa ikulu, alizisoma na kuzifupisha kwa Kilatini. Las Casas naye alizisoma na kunukuu sehemu. Hernando Colón, mwana wa Columbus, alifanya zaidi: alipoandika maisha ya baba yake aliiingiza taarifa ya Pané yote kama ilivyo. Hernando alikuwa mpenda vitabu wa ajabu. Aliyekwenda Karibi na baba yake akiwa mvulana wa miaka 13 alikuja kukusanya Seville maktaba ya vitabu karibu 15,000, moja ya kubwa kabisa za mtu binafsi Ulaya wakati ule. Baada ya kifo chake mwaka 1539 maktaba ilitelekezwa, na vingi vikapotea. Karatasi ya mtawa maskini isingeokoka pale.

Ikaokolewa na watu wasiotarajiwa. Mpwa wa Hernando, Luis Colón, mrithi wa jina na vyeo vya babu yake, alihukumiwa kwa kuoa wake kadhaa kwa wakati mmoja, akapelekwa uhamishoni Oran, Afrika Kaskazini. Muswada wa Hernando ulitoka mikononi mwake ukafika kwa Mgenoa mmoja, Baliano de Fornari, naye akaupeleka Venice. Huko ulitafsiriwa kwa Kiitaliano na Mhispania Alfonso de Ulloa, aliyefungwa na serikali ya Venice kwa makosa ya uchapishaji na kufa gerezani mwaka 1570. Kitabu kilitoka kiwandani 1571. Baada ya hapo muswada wa Kihispania haukuonekana tena.

Fikiria majina ya Kitaino yalivyofika. Yametoka kwa wazee, yakasikiwa na Mkatalani, yakaandikwa kwa tahajia ya Kihispania na mtu asiyekimudu Kihispania, yakanakiliwa, yakatiwa tahajia ya Kiitaliano na mfasiri ambaye hakuweza kusimamia uchapishaji hadi mwisho. Kila mkono uliacha alama. Mengine yalikuwa hayatamkiki.

Aliyeyafungua mafundo alikuwa José Juan Arrom, mzaliwa wa Cuba (1910–2007), mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1974 alichapisha Mexico toleo la Kihispania ambamo alilinganisha Ulloa na Martire na Las Casas, jina kwa jina. Penye ugomvi kati ya watatu hao, aliwaendea jamaa wa lugha wenyewe: Kilokono na lugha nyingine za ukoo wa Arawak zinazosemwa bado Amerika ya Kusini. Mzizi ukipatikana huko na maana ikakaa vizuri katika hadithi, jina lilirudishwa. Toleo la Kiingereza lilifuata 1999. Hii ni kazi isiyo na makofi mengi, na naiheshimu kuliko vitabu vingi vyenye kelele. Baada ya karne nne ungeweza tena kumwita mungu wa muhogo kwa jina linalokaribia lake.

Wakati Arrom anafanya kazi hiyo, vitabu vya shule vilikuwa vinafundisha kwamba Wataino wamekwisha. Ni kweli kwamba maafa yalikuwa makubwa kupita kiasi. Kazi za kulazimishwa migodini, njaa na mauaji vilifanya hesabu ya wenyeji waliogawiwa Wahispania Hispaniola mwaka 1514 isifike 30,000, na mwishoni mwa 1518 ikaingia ndui. Kasike Anacaona alinyongwa 1503. Lakini kasike Enriquillo aliongoza uasi milimani kuanzia 1519 mpaka mfalme alipokubali mapatano mwaka 1533, na watu wengine walijichimbia vijijini, wakaoana na Waafrika waliotoroka utumwa na Wahispania. Utafiti ulioongozwa na Juan Carlos Martínez Cruzado huko Puerto Rico, uliotolewa 2005, ulionyesha kwamba karibu asilimia 61 ya watu waliopimwa walikuwa na chembe za urithi za upande wa mama zenye asili ya wenyeji wa Amerika. Mwaka 2018 wataalamu walisoma urithi kamili kutoka katika jino la mwanamke aliyeishi Bahamas miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, wakakuta undugu na Wapuerto Rico wa leo. Bibi zao hawakwenda popote. Makundi ya watu wanaojiita Wataino yapo sasa Puerto Rico, Cuba, Jamhuri ya Dominika na New York, na wanapotafuta majina ya kuwapa watoto au maneno ya kusemea ibada hurudi kwa Guaticabanu na wazee wa Magua, hata kama jalada linasema Pané.

Jirani zao wa visiwa vya kusini, Wakalinago, walipata mwandishi wao karne na nusu baadaye. Raymond Breton, mtawa Mfaransa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, alikaa nao katika kisiwa cha Dominica miaka ya 1640 na mwanzoni mwa miaka ya 1650. Kamusi yake ilichapishwa Auxerre, Ufaransa, mwaka 1665. Alikuwa hodari wa lugha kuliko Pané, akaona hata tofauti ya usemi wa wanaume na wa wanawake. Wakalinago walishikilia milima yao, na mwaka 1903 Waingereza wakawatengea ekari 3,700 hivi upande wa mashariki wa kisiwa, wanakoishi hadi sasa. Mwaka 2015 jina la Kikaribu walilopachikwa na wageni liliondolewa rasmi, na tangu 2023 rais wa Dominica ni Sylvanie Burton, Mkalinago wa kwanza na mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Lugha yao katika kisiwa chenyewe ilinyamaza mwanzoni mwa karne ya 20. Iliendelea kuishi kwingine, midomoni mwa watu weusi. Huko Saint Vincent Wakalinago na Waafrika waliokwepa utumwa walizaa taifa moja, Wagarifuna, ambao Waingereza walishindwa kuwatawala hadi baada ya kiongozi wao Joseph Chatoyer kuuawa mwaka 1795. Takriban 5,000 walikusanywa na kufungiwa kwenye kisiwa kidogo cha Balliceaux, ambako karibu nusu walikufa. Waliobaki walishushwa Roatán, pwani ya Honduras, tarehe 12 Aprili 1797. Kutoka hapo walienea Belize, Guatemala na Nicaragua, wakibeba lugha ya Kiarawak, matuta ya muhogo, vikamulio na ngoma. UNESCO iliitambua lugha, ngoma na muziki wao mwaka 2001, na mkate wa muhogo wa Karibi ukaingia katika orodha yake ya urithi Desemba 2024, kwa maombi ya pamoja ya Cuba, Haiti, Honduras, Jamhuri ya Dominika na Venezuela.

Wagarifuna nao wana kamusi. Ilitoka Belize mwaka 1993, na mhariri wake, E. Roy Cayetano, ni mshairi na mwalimu. Yeye ni Mgarifuna, na hakuhitaji mkalimani.